CO₂ ya tangi la kuchachisha molasi

Usiiache CO₂ kama kijenzi cha kawaida unapoliiga tangi hilo kwenye kompyuta. Kwenye Aspen Plus (programu ya kuiga michakato ya viwandani) fungua Components, kisha Henry Comps (gesi zinazokokotolewa kwa sheria ya Henry ya kuyeyuka kwa gesi kwenye kimiminika), tengeneza orodha HC-1 na uingize CO₂ humo. Halafu rudi Methods uichague HC-1. Wengi huiruka hatua hii, na usipoichagua, orodha hiyo haitumiki kabisa. Sababu ya kutumia Henry ni kwamba NRTL (modeli ya kukokotoa usawa wa kimiminika na mvuke) hutegemea shinikizo la mvuke la kimiminika safi, na juu ya 31°C CO₂ haiwi kimiminika hata uikandamize vipi. Matangi ya ethanoli huku Muhoroni na Kisumu kwa kawaida huchacha kwenye 32–35°C. Hakikisha pia thamani za Henry za CO₂ na maji, na CO₂ na ethanoli, zimejazwa. Chachu ni yabisi: aina ya kijenzi ichague Solid, na aina ya mkondo iwe MIXCISLD (yenye nafasi ya yabisi), si CONVEN (isiyo nayo).