Maswali yenu: Allman Brothers Band, nani alipiga nini na waliobaki wako wapi

SWALI: Shikamoo kaka. Nimeanza kuisikiliza Allman Brothers Band kupitia albamu ya *At Fillmore East*, na sasa sisikilizi kingine. Ila nikitafuta majina ya wanabendi nachanganyikiwa, maana kila miaka michache watu wanabadilika. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Albamu uliyoanza nayo ndiyo hiyo hiyo ningekupa mimi. Ilirekodiwa katika ukumbi wa Fillmore East, New York, tarehe 12 na 13 Machi 1971, na bendi ilikuwa bado ya wale sita wa mwanzo, walioungana Jacksonville, Florida, mwaka 1969 kisha wakahamia Macon, Georgia. Washike hao sita kwanza, na usiwashike kwa majina, washike kwa sauti.

Vaa hedifoni uweke "Statesboro Blues". Gitaa linaloteleza kutoka noti hadi noti bila kukatika, linalolia kama koo la mtu, ni la Duane Allman. Kidoleni alivaa kichupa cha kioo cha dawa ya mafua, akakipitisha juu ya nyuzi. Gitaa la pili, lenye noti za mviringo na tamu ambazo unaweza kuziimba mwenyewe baada ya kuzisikia mara moja, ni la Dickey Betts. Sauti inayoimba ni ya Gregg, mdogo wake Duane, na kinanda cha Hammond ni chake pia. Ukimsikiliza utadhani ni mzee aliyekwishazika wengi, kumbe siku ile alikuwa na miaka 23.

Kisha nenda "Whipping Post", ule wimbo wa dakika 23 hivi. Unafunguliwa na besi ya Berry Oakley. Mfuate yeye tu mpaka mwisho, waache wapiga gitaa waende zao. Utagundua kwamba Berry hakukaa nyuma kuwashikia wenzake mdundo. Anajibu, anauliza, wakati mwingine anawavuta kwenye kona ambayo hawakupanga kwenda.

Baada ya hapo rudia wimbo ule ule kwa ajili ya dramu. Wapo wapigaji wawili. Butch Trucks ndiye injini, anasukuma mbele bila kuchoka. Jaimoe alitoka kwenye jazi na aliwahi kuzunguka na bendi ya Otis Redding, kwa hiyo yeye anapiga pembeni ya mdundo, anaweka nakshi pale ambapo Butch ameacha nafasi. Sikiliza matoazi utawatofautisha. Na kumbuka Jaimoe ni Mweusi wa kutoka Mississippi, akiishi na kula na vijana Wazungu huko Georgia mwaka 1969, miaka mitano tu baada ya sheria ya haki za kiraia ya 1964. Kwangu mimi jambo hilo haliwezi kutenganishwa na muziki wao. Bila Jaimoe, "In Memory of Elizabeth Reed" isingepumua namna ile.

Ukishawajua hao sita, wengine wote watakuja wenyewe, kwa sababu kila aliyeingia baadaye aliingia kwenye nafasi ya mtu unayemfahamu.

SWALI: Mwanangu, mimi nashikilia kwamba bendi hii iliisha tarehe 29 Oktoba 1971, Duane alipofariki. Mpwa wangu anashinda na rekodi zao za miaka ya 2000 na kuniambia ni bendi ile ile. Tumebishana mpaka chakula kimepoa. Tuamulie.

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Uchungu wako naujua. Duane alikufa kwa ajali ya pikipiki mjini Macon akiwa na miaka 24, na tarehe 11 Novemba 1972 Berry Oakley naye akafa kwa ajali ya pikipiki, mji huo huo, umbali wa mitaa mitatu hivi kutoka pale alipoanguka rafiki yake, na umri ule ule. Bendi nyingine ingekoma hapo na hakuna ambaye angeilaumu.

Lakini siwezi kukupa ushindi, mzee. Tazama waliobaki walifanya nini. Hawakumtafuta Duane wa pili. Walimchukua kijana wa piano, Chuck Leavell, na besi wakampa Lamar Williams, kisha wakatoa *Brothers and Sisters* mwaka 1973. "Ramblin' Man" ya Dickey ikafika namba 2 kwenye chati ya Billboard, na "Jessica", wimbo usio na neno hata moja, ukawa mali ya piano kiasi kwamba nafasi ya gitaa la pili haionekani kuwa wazi. Mwaka huo huo, tarehe 28 Julai, walipiga Watkins Glen, jimbo la New York, pamoja na bendi za Grateful Dead na The Band, mbele ya watu wanaokadiriwa kufika 600,000. Hiyo si bendi iliyokufa.

Ninapokubaliana nawe ni kwenye albamu za mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hizo sizirudii. Walivunjika mwaka 1976, wakarudiana, wakavunjika tena 1982, na zile za katikati zina mlio wa watu wanaofuata mitindo ya wengine.

Mwaka 1989 wakarudi, safari hii na Warren Haynes kwenye gitaa, na kuanzia hapo ukumbi wa Beacon Theatre, New York, ukawa kwao. Mashabiki walikuwa wanapanga likizo zao kwa kufuata maonyesho ya Machi pale Beacon, wanakwenda usiku huu na kesho yake tena, kwa sababu orodha ya nyimbo ilibadilika kila usiku. Mwaka 1999 akaja Derek Trucks, mtoto wa ndugu yake Butch, akiwa na miaka 20. Wazazi wake walimpa jina hilo kutokana na Derek and the Dominos, bendi ya Eric Clapton ambayo Duane aliipigia gitaa kwenye albamu yao ya 1970. Kwa hiyo kijana aliyebeba jina lililotoka kwenye kazi ya Duane akaja kukaa kwenye nafasi ya Duane, kioo kidoleni. Lakini hamuigi. Sentensi zake ni ndefu zaidi, zina harufu ya muziki wa India.

Kama ni lazima tugombanie tarehe, mimi ningechagua mwaka 2000, wenzake walipomwondoa Dickey Betts kwa ujumbe wa faksi baada ya miaka zaidi ya 30. Kifo hakina wa kulaumiwa. Faksi inaye. Mtu aliyeandika "Jessica" na "Blue Sky" alistahili kuambiwa uso kwa uso, hata kama kukaa naye kulikuwa kugumu. Wapo mashabiki ambao hawakukanyaga tena onyesho lao kuanzia siku hiyo, na ninawaheshimu.

Basi fanyeni hivi. Wewe mwekee mpwa wako "Blue Sky", iliyo kwenye *Eat a Peach* ya 1972. Solo ya kwanza ni ya Duane, kisha magitaa yanakutana, kisha Dickey anaendelea peke yake, na ni miongoni mwa kazi za mwisho za Duane studio. Yeye naye akuwekee "Desdemona" kutoka *Hittin' the Note* ya 2003, albamu yao ya mwisho ya studio na ya pekee bila Dickey. Msibishane mpaka zote mbili ziishe.

SWALI: Kaka, nimewajua wakati bendi imeshafunga. Gregg na Butch walifariki 2017, Dickey naye 2024. Kuna wa kumfuatilia, au nimebakiwa na rekodi tu?

JIBU: Wapo, tena wengi. Kati ya sita wa mwanzo aliyebaki ni Jaimoe. Derek yuko na mkewe Susan Tedeschi kwenye Tedeschi Trucks Band, na kama una nafasi ya kufuata bendi moja tu, fuata hiyo. Warren Haynes ana Gov't Mule tangu 1994. Oteil Burbridge, aliyepiga besi kuanzia 1997, baadaye alipiga na bendi ya Dead & Company. Chuck Leavell amekuwa kwenye kinanda cha Rolling Stones tangu miaka ya 1980. Watoto nao, Devon Allman, Duane Betts na Berry Duane Oakley, walianzisha The Allman Betts Band.

Na rekodi usizidharau. Bendi hii iliwaruhusu mashabiki kuja na maikrofoni na kurekodi maonyesho, mradi wabadilishane bure bila kuuza. Ndiyo maana unaweza kuufuata wimbo mmoja ukikua mwaka hadi mwaka. Anza na onyesho la mwisho, Beacon, tarehe 28 Oktoba 2014. Lilivuka saa sita usiku likaingia tarehe 29, siku ya kumbukumbu ya kifo cha Duane, na wakafunga na "Trouble No More", wimbo wa kwanza kuupiga pamoja mwaka 1969.

SWALI: Nitapita Macon. Nione nini?

JIBU: Big House, barabara ya Vineville, nyumba waliyopanga kuanzia 1970 hadi 1973, sasa makumbusho. Haifunguliwi kila siku, kwa hiyo ulizia kabla hujafika. Halafu makaburi ya Rose Hill, walipolala Duane, Berry na Gregg. Pale pale ndipo Dickey alipolisoma jina la Elizabeth Reed kwenye jiwe la kaburi. Usipande uzio wala usichukue kitu, hata kokoto, maana wapo waliofanya hivyo na familia zimeumia. Ukisikia njaa nenda H&H. Mmoja wa waanzilishi wa mgahawa huo, Mama Louise Hudson, aliwalisha vijana hawa walipokuwa na pesa ya sahani mbili na midomo mingi zaidi, nao walipofanikiwa mwaka 1972 wakamchukua waende naye ziarani.