Bastola mpya ikigoma kulisha risasi, weka msasa chini

SWALI: Nina bastola mpya ya milimita 9, cheti ninacho. Nimeipeleka shabaha mara moja, nikapiga risasi 40. Mara tano risasi iligoma kuingia chemba (chumba cha nyuma ya mtutu inakolipukia), ikasimama pua juu. Fundi mmoja hapa Malindi asema njia ya risasi haikulainishwa vizuri kiwandani, aipige msasa mpaka ing'ae. Nimwachie?

JIBU: Usimwachie. Na kama ameshaichukua, ifuate leo hii.

Bastola mpya ikikwama, lawama huangukia ule mteremko unaoipandisha risasi kutoka magazini (kisanduku cha risasi) hadi chemba, kwa kuwa ndio unaoonekana. Lakini pembe yake imekatwa kwa kipimo, na msasa hauachi mng'ao tu, unakula chuma. Ukila ukingo wa juu, pale mteremko unapokutana na chemba, ganda la risasi hubaki bila egemeo upande wa chini. Risasi ikilipuka ganda huweza kupasuka hapohapo, na gesi ya moto ikashuka ndani ya magazini, yaani kwenye kiganja chako. Mteremko ukiwa wa aluminiamu, gamba gumu la juu likishatoka, kilicho chini huchimbika risasi baada ya risasi. Ukiwa wa chuma, umeuvua kinga yake, na kwa hewa ya chumvi ya pwani kutu haitachelewa. Chuma kilichoondolewa hakirudishwi, na hasara hiyo fundi wako hakukutajia.

Sasa tutafute ugonjwa wenyewe. Toa magazini, vuta slaidi (kile kipande cha juu kinachokwenda nyuma na mbele), hakikisha kwa jicho na kwa kidole kwamba chemba ni tupu. Fungua, ufute grisi yote ya kiwandani. Ile ni ya kutunzia stoo, si ya kufanyia kazi. Tia tone moja la mafuta ya bunduki kwenye kila reli ya slaidi, na jingine upakaze nje ya mtutu pale panaposuguana. Chemba na magazini viache vikavu. Mafuta ndani ya magazini hukusanya vumbi na mchanga, na yakipenya kwenye fataki, kile kiwashio kilicho kwenye kitako cha risasi, risasi huweza kugoma kulipuka.

Magazini zako zitie alama ya rangi, 1 na 2, kisha uandike kila mkwamo umetoka ipi. Mikwamo yote ikitoka namba 1, bastola haina kosa. Tazama midomo ya juu ya magazini: upande mmoja ukiwa umepinda au umetanuka, risasi huachiwa mapema ikaruka pua juu, kama yako. Usiinyooshe kwa plaizi, nunua nyingine. Pua ikiinama chini, shuku springi ya magazini, au magazini haikupandishwa mpaka ikalia. Springi mpya ikiwa ngumu mno, ijaze magazini uiache siku kadhaa. Ugumu wa upya hupungua kidogo, lakini springi haichoki kwa kukaa imejaa kama watu wanavyoogopa. Kinachoichosha zaidi ni kujazwa na kumwagwa.

Risasi za kuanzia ziwe za kiwandani, kichwa cha duara kilichofunikwa shaba, uzito wa kichwa greni 115 au 124, za nguvu kamili. Springi ya slaidi ikiwa mpya ni nzito. Risasi dhaifu haiisukumi slaidi mpaka mwisho, nayo hurudi kabla risasi ya pili haijapanda. Kifundo cha mkono kikilegea, matokeo ni hayohayo. Piga kama 200, ukifuta uchafu kila baada ya 50. Idadi iliyoandikwa kwenye cheti chako ndiyo mpaka wako, kwa hiyo zigawe kwa safari kadhaa. Na unapopakia, vuta slaidi mpaka nyuma kabisa uiachie. Usiisindikize kwa mkono.

Kuna na mchezo wa kuijaribu bastola nyumbani kwa kupakia na kutoa risasi ileile kila siku. Kwanza ni hatari, risasi hai si ya mazoezi ya sebuleni. Pili, kila ikigonga mteremko kichwa huweza kuzama kidogo ndani ya ganda. Isimamishe kando ya risasi mpya ulinganishe urefu. Iliyofupika hulisha vibaya, na ikilipuka shinikizo lake hupanda kupita kiasi. Itenge, usiipige.

Mafundi wa namna hiyo hawaishii kwenye msasa. Wapo wanaokata pindi za springi ili slaidi "iwe nyepesi", na wanaopaka mafuta ya kupikia, ambayo hugeuka ulimbo. Wengine husema ala ya ngozi ndiyo ghala bora, ilhali ngozi hunywa jasho na chumvi ikaikumbatisha chuma usiku kucha. Lamu na Malindi bastola ilale nje ya ala, imefutwa kwa kitambaa chenye mafuta, ndani ya sefu.

Ukibadilisha magazini na aina ya risasi, ukafikisha 200 na bado inakwama palepale, irudishe kwa muuzaji mwenye leseni aliyekuuzia, pamoja na cheti na daftari la mikwamo. Ikiwa na alama za msasa, usitarajie aipokee.