Dogo usichague mpango wa kulipia kwenye klaudi, hela yangu ya kodi ya nyumba iliishia hukohuko

Dogo simama hapohapo. Umeuliza uanzie wapi kujifunza klaudi, yaani kompyuta za kukodi kupitia intaneti, AWS ya Amazon au Azure ya Microsoft, cheti kipi kwanza, na kama laptop yako ya RAM 4GB itatosha. Sawa, ila mimi nimekwama pale uliposema yule mwalimu wa kwenye video kakwambia ukifungua akaunti ya AWS uchague mpango wa kulipia "ili huduma zote zifunguke". Usithubutu. Akaunti mpya tangu Julai 2025 zina mpango wa bure, unapewa krediti (salio la bure) za dola 100 na ukifanya vile vimazoezi vyao unaweza kufikisha 200, zikiisha au miezi 6 ikipita akaunti inafungwa, na kadi yako haiguswi mpaka wewe mwenyewe ukubali kuhamia ule wa kulipia. Mtu anayeanza anatafuta nini zaidi ya hapo?

Mimi nilijifunza kwa video kama hizohizo, kwenye kampuni nyingine ya klaudi. Jamaa akatujengesha "mtandao wa kitaalamu", seva mbili zimefichwa ndani, mbele yake malango mawili ya NAT ili zile seva zipate intaneti, na databesi pembeni. Ikakubali, nikafurahi kweli, nikaipiga picha, mpaka mke wangu akaja kuangalia. Video ikaisha hapo, jamaa kaaga, kasema tukutane ya wiki ijayo. Neno KUFUTA hakulitaja hata mara moja! Nikazifuta seva kwa akili yangu, ukurasa wa mashine ukaonyesha sifuri, nikajua nimemaliza. Kumbe malango yapo ukurasa mwingine kabisa, na databesi nayo ina ukurasa wake. Miezi mitatu vinakula, bili zinaingia kwenye imeili niliyoifungua kwa ajili ya mazoezi tu na sikuwa naifungua, na kadi niliyoweka ndiyo ile nakusanyia kodi ya nyumba ya miezi 6. Nimekuja kujua mwenye nyumba kashanipigia mara mbili na salio halitoshi, imepungua zaidi ya laki tano. Laki tano kwa vitu ambavyo hakuna binadamu hata mmoja aliyevitumia.

Na kabla hujaniambia si ungesoma masharti, niliyasoma, zile kurasa ni ndefu kuliko foleni ya Mbagala jioni, na kila mahali wameandika unalipia unachotumia. Hapo ndipo wanaoanza tunapoumia. Ukweli ni kwamba unalipia ulichowasha. Mtu awe anakitumia au asikitumie, mita inazunguka. Na sisi tumezoea LUKU, uniti zikiisha umeme unakata, unajua hujadaiwa, ila klaudi kwenye mpango wa kulipia ni ile mita ya zamani ya kutumia kwanza bili ije baadaye. Kuna ile maana ya klaudi iliyoandikwa na NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, mwaka 2011, sifa tano, kila mwalimu anaikaririsha watu kwa ajili ya mtihani, na sifa ya tano ni kwamba huduma inapimwa. Inapimwa maana yake kuna mita! Wanaisoma kama shairi wanapita, na ndiyo iliyotakiwa kuwa somo la kwanza. Mimi hasira zangu ziko hapo, mtu anafundisha maelfu ya watu kuwasha na hana dakika mbili za kuwaonyesha kuzima.

Piga hesabu mwenyewe kwa bei za AWS za eneo la Virginia, Marekani. Lango moja la NAT ni dola 0.045 kwa saa, inaonekana si kitu, lakini kwa siku 30 ni dola 32 na ushee, bado data inayopita. Anwani ya IPv4 ya wazi, ile namba inayofanya mashine ifikike kutoka intaneti, tangu Februari 2024 ni dola 0.005 kwa saa hata kama haijaunganishwa na chochote. Seva ukiisimamisha bila kuifuta, diski yake inaendelea kulipiwa. Databesi ya RDS, ndiyo huduma ya databesi ya AWS, ukiisimamisha, baada ya siku 7 inajiwasha yenyewe, ndiyo, yenyewe. Na ile tahadhari ya bajeti weka, ila ujue inakutumia imeili tu, haizimi kitu, tena inachelewa kwa masaa.

Kwa hiyo usiwashe kitu ambacho hujajua kukizima. Kabla ya kubonyeza kutengeneza, tafuta kwanza kitufe cha kufuta kiko ukurasa gani, kiandike kwenye daftari pamoja na eneo ulilowashia, maana ukiwashia Cape Town halafu skrini iko Virginia hutakiona. Ukimaliza zoezi futa vyote siku hiyohiyo, kesho rudi uangalie bili kama imesimama.

Laptop yako inatosha, kazi inafanyika kule kwao. Sasa ingia kwenye akaunti, sehemu ya bili, uangalie uko mpango gani, urudi hapa uniambie kabla hujaifungua tena hiyo video.