Mtaro unapangwa mwaka wa tatu

SWALI: Habari ya kazi mhariri, mtaa wetu mvua ikinyesha kidogo tu tunaelea, mradi wa mtaro mara upembuzi mara kibali mara bajeti imeisha, halafu wamekuja kuchimba sehemu ambayo haijawahi hata kujaa! Huu utaratibu haubadilishiki?

JIBU: Unabadilishika ndugu yangu, ila lazima muingie mapema kabla ramani haijachorwa. Kawaida mnaitwa mkutanoni mambo yameshaamuliwa, sasa hapo mtachangia nini zaidi ya makofi? Injinia aje kwanza apime ile alama ya tope iliyobaki ukutani, usawa wa kiuno, hiyo ni data kabisa. Halafu maji hayajui mipaka ya ofisi, ukipanua kalavati la juu umemrushia mafuriko jirani wa chini, kwa hiyo mpango uwe wa bonde zima. Na mkisikia “mafuriko ya miaka 100” msilale, maana yake ni uwezekano wa 1% kila mwaka, na uwezekano wa kuyapata angalau mara moja ndani ya miaka 30 unafika kama 26%. Kazi ndogo za kuzibua mitaro zisipange foleni moja na mradi mkubwa kama bwawa. Na hela ya kuzibua kila mwaka iko wapi? Hilo ulizeni kabla mkandarasi hajaondoka.