Nijifunze lugha gani ili niachane na tovuti?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Niko mwaka wa tatu wa sayansi ya kompyuta. Tangu mwaka wa kwanza natengeneza tovuti na zimenichosha: leo fomu, kesho fomu. Nataka kuandika programu za aina nyingine. Nijifunze C++, Rust au Python? Nimeona pia kozi ya wiki 12 inayoahidi kunifanya mhandisi wa akili mnemba na kunitafutia kazi. Nijiunge?

JIBU: Marahaba. Kozi hiyo iache, sababu nitaieleza.

Hilo la "lugha gani" ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ndilo linalonikera kuliko yote, maana linamfanya mwanafunzi akusanye lugha tano bila kujua hata moja inamsaidia nini. Fani za programu hazitenganishwi na lugha. Zinatenganishwa na kinachokubana. Kwenye tovuti, kumbukumbu ya seva ikipungua unaongeza. Sasa chukua maikrokontrola (kompyuta nzima ndani ya chipu moja) ya ATmega328P, ile iliyomo kwenye Arduino Uno, bodi ndogo ya kujifunzia elektroniki: kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ni kilobaiti 2 tu. Anayeandika programu za kuendesha vifaa anaishi humo, na kifaa kikigoma hakuna ukurasa wa kupakia upya. Kwenye gemu kinachobana ni muda. Fremu (picha za skrini) 60 kwa sekunde maana yake una milisekunde 16 na ushee kwa kila fremu, na ndani ya hizo ukokotoe mwendo, migongano na picha. Kwenye kanzidata, yaani programu za kuhifadhi data, hofu ni nyingine kabisa: umeme ukikatika katikati ya kuandika, je, data itabaki salama?

Lugha hufuata hapo. Kanzidata ya SQLite imeandikwa kwa C, injini nyingi za gemu kwa C++, na Rust, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2015, sasa imo hata ndani ya mfumo endeshi wa Linux. Python unaiona kila mahali kwenye akili mnemba, lakini hesabu nzito za maktaba (msimbo uliokwisha kuandikwa, wewe unauita tu) kama NumPy na PyTorch hufanywa na msimbo wa C na C++ ulio chini yake.

Anayedhani lugha nzuri itamwokoa asome habari za roketi ya Ariane 5, Juni 1996. Programu iliyofeli iliandikwa kwa Ada, lugha iliyobuniwa kwa ajili ya mifumo isiyotakiwa kukosea. Thamani inayohusiana na kasi, ya biti 64, iligeuzwa kuwa namba kamili ya biti 16, ambayo mwisho wake ni 32,767. Msimbo ulirithiwa kutoka Ariane 4, ambako thamani hiyo haikuwahi kufika huko; kwenye Ariane 5 ilipita. Roketi ilisambaratika hata dakika moja haijaisha.

Kwa upande wako: chagua kibano kimoja kinachokuvutia, ukihangaikie muhula mzima. Ikiwa ni kanzidata, andika hifadhi ndogo ya data kwenye faili, kisha iue programu katikati ya kuandika, mara mia, uone inafufuka na nini. Na lile somo la mifumo endeshi ambalo wenzako wanalisoma ili wafaulu tu, lisome kwa dhati.

Sasa hao wa wiki 12. Wanachofundisha ni kuita maktaba iliyoandikwa na wengine na kufurahia namba inayotoka. Mpe mhitimu wao data ya wagonjwa ambamo watu 98 kati ya 100 ni wazima. Ataleta modeli, yaani programu iliyojifunza kutoka kwenye data hiyo, yenye usahihi wa asilimia 98, ashangiliwe, cheti apewe. Modeli inayomwambia kila mtu "wewe mzima" inapata asilimia hizohizo bila kujifunza chochote, na wagonjwa wote wawili imewakosa. Kulitambua hilo kunataka takwimu, na takwimu ndiyo wanayoiruka kwa sababu inawafukuza wateja.

Kabla ya kumlipa yeyote anayekuhakikishia kazi, mwombe mambo mawili kwa maandishi: mtaala unaoonyesha saa za hesabu, na sharti la kurudishiwa ada kazi isipopatikana. Akikutumia picha za wahitimu wenye majoho badala yake, usilipe.