Okonkwo niliyemsoma mara tatu

Mdogo wangu, umesema mwalimu wenu wa kidato cha tatu amewaambia Okonkwo ni shujaa, basi, na wewe moyo umekataa. Riwaya ya Chinua Achebe inayosimulia maisha ya Okonkwo, Things Fall Apart, nimeisoma mara tatu, na kila mara Okonkwo alinibadilikia.

Mara ya kwanza nilikuwa kidato cha pili hapa Kisumu. Nakala niliyoazimwa ilikuwa tafsiri ya Kiswahili ya 1973, Shujaa Okonkwo. Jina lenyewe limeshakata shauri kabla hujafungua ukurasa. Lile la asili la 1958, Things Fall Apart, halimsifu mtu yeyote. Nilimshangilia. Kamwangusha Amalinze, mwanamieleka aliyeitwa Paka, kaomba mbegu za viazi vikuu kwa tajiri Nwakibie akapewa 800, mwaka ukaharibika na bado akasimama. Baba yake Unoka, mpiga filimbi mwenye madeni kila mlango, nilimdharau kama mwanawe alivyomdharau.

Nilikuwa na sababu yangu. Kwetu Nyakach babu alipiga nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Wajaluo. Alialikwa matangani huku na huko, akarudi mikono mitupu, na baba akajilipia karo kwa kusukuma mkokoteni sokoni Kibuye. Nyumbani babu hakutajwa. Kwa hiyo Okonkwo nilimfahamu vizuri sana: nilikuwa nikila naye meza moja.

Kidato cha nne nikakwama kwa Ikemefuna. Ni mtoto aliyetolewa na kijiji jirani kulipia mauaji, amekaa miaka mitatu katika boma la Okonkwo, kisha Umuofia, kijiji cha Okonkwo, kimeamua auawe; mzee Ezeudu amemwonya Okonkwo asishiriki kumuua kwa kuwa mtoto anamwita baba, na siku ile mtoto anamkimbilia yeye ndipo anapomkata kwa panga, kwa kuogopa kuonekana dhaifu. Nikaandika insha kali: huyu ni muuaji. Nilipewa alama nzuri, lakini leo naona nilihama tu kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Mwaka jana, nikiwa chuoni, tulimzika babu. Baada ya mazishi nyanya akatoa nyatiti uvunguni mwa kitanda. Nyuzi nane zilikuwa zimebaki nne, zile za mshipi wa kuvulia samaki, na pembeni imefungwa ile pete ya chuma ya kidole gumba cha mguu, oduong'o, inayogonga mti wa ala wakati wa kupiga. Upande mmoja imelika kabisa. Chuma hakiliki hivyo kwa mtu mvivu. Baba aliishika kwa muda mrefu, hakusema neno.

Nikarudi kwenye kitabu kumtafuta Unoka. Soma pale mavuno yalipoharibika. Anayemfariji Okonkwo ni Unoka, naye mgonjwa. Anamwambia kushindwa kunakowapata wote hakuvunji moyo wa mtu mwenye fahari. Kinachouma ni kushindwa peke yako. Sasa nenda mwisho: Okonkwo anamkata tarishi wa serikali, wenzake wanawaachia wale wengine watoroke, na hapo hapo anajua Umuofia haitapigana. Ameshindwa peke yake. Aliyemwonya ni yule yule baba ambaye Okonkwo hakutaka kufanana naye hata kwa kupenda muziki.

Halafu tazama vifo vyao. Unoka alivimba tumbo na miguu, ugonjwa uliokuwa chukizo kwa ardhi, akapelekwa kufia Msitu wa Uovu, walikotupwa wenye magonjwa ya chukizo, akiwa na filimbi yake. Okonkwo alijinyonga, na ndugu zake hawakuruhusiwa kumgusa. Mmoja alikimbia maisha yake yote asiwe kama mwenzake, na ardhi ikawakataa wote wawili.

Kwa hiyo ukiniuliza leo, nasema ni mtu jasiri aliyetawaliwa na hofu moja. Mwalimu hajakosea kuuona ujasiri, nawe hujakosea kusita. Kwenye mtihani andika yote mawili, uonyeshe hofu ile ilivyoanza kwa Unoka na ilivyoua. Anza na sura ya kwanza, Unoka anapomcheka Okoye aliyekuja kudai deni, akimwonyesha mistari ya chaki ukutani. Isome polepole, kisha uniandikie umemwonaje.