Boriti gani hiyo, baba?

Wiki hii mmeuliza: "Je, mzazi anayemsomesha mtoto nyumbani aruhusu gemu ziwe sehemu ya masomo?" Namsomesha mwanangu nyumbani hapa Mombasa, huu mwaka wa pili, na nilikaa chini niandike "ndiyo" bila kusita. Mtoto huyu alitoka shule akiwa Gredi ya 3, akiamini hana akili ya hesabu kwa kuwa aliambiwa hivyo mbele ya wenzake. Hilo silirudii. Lililonichoma ni neno "aruhusu", kana kwamba kazi ya mzazi ni kufungua mlango au kuufunga, basi.

Gemu yetu ni Minecraft, ile ya kujenga kwa matofali. Kila tofali ni mita 1 kila upande. Gogo 1 hutoa mbao 4, sanduku hula mbao 8, na tofali hupangwa 64 kwa fungu. Akitaka masanduku 5, lazima ajue ni magogo mangapi akate. Siku ya kwanza alipopata jibu la 10 kichwani, alikuja mbio jikoni kuniambia. Shuleni hesabu ilikuwa ikimliza.

Ila ninalotaka kusimulia ni la Lamu. Agosti iliyopita tulikwenda kwa mama mkwe wangu, mtaa wa Mkomani, nyumba ya mawe ya zamani. Mtoto akaamua kuijenga nyumba ile ndani ya gemu. Siku mbili nzima. Alipomaliza akampelekea nyanya yake tabuleti pale dakani, barazani mlangoni. Bibi akavaa miwani, akatazama kimya. Akalitambua daka, akakitambua kiwanda, yaani ua wa ndani, hata zidaka, vile vishubaka vya ukutani, akazihesabu. Kisha akaweka kidole kwenye chumba cha ndani kabisa, ambacho mtoto alikipa upana wa matofali 7.

"Boriti gani hiyo, baba?"

Mtoto hakuelewa. Wala mimi sikuelewa. Bibi akamshika mkono wakaingia ndani, akamwambia atazame juu. Boriti za mikoko zimelala mojamoja kutoka ukuta hadi ukuta, na juu yake mawe na chokaa. Akainama, mama wa miaka sabini na kitu, akapima sakafu kwa mkono wake, kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono 6. "Kwa urefu chumba waweza kukivuta utakavyo," akasema, "lakini upana ni wa boriti. Ukiizidisha, dari itaielemea ipinde."

Mtoto akakimbilia rula. Mkono wa nyanya ulikuwa sentimita 45, mara 6 ni 270. Hata matofali 3 hayajatimia! Wakakaa hapo hapo sakafuni mpaka adhana ya alasiri: shibiri 2 ni mkono, mikono 4 ni pima, boriti huuzwa kwa korija, na korija ni 20. Basi fungu lake la 64, akauliza, ni korija ngapi? Wakahesabu pamoja kwa vidole. Korija 3 na boriti 4.

Kumbe ndani ya gemu dari ya mita 7 haianguki kamwe. Mchanga na changarawe huporomoka, lakini jiwe huning'inia hewani bila nguzo. Hata mikoko imo, iliongezwa mwaka 2022, na mwanangu aliitumia kwa mbao zake nyekundu. Siku mbili alijenga kosa, na gemu haikumwambia neno.

Kwa hiyo "ndiyo" yangu imepungua nikiwa naandika. Aliyefundisha pale ni mwanamke ambaye hadi siku ile hakuwahi kushika tabuleti. Na mzazi anayerudi kazini saa moja usiku, ambaye wakwe zake wako mbali, nimwambie nini? Nadhani huyo aiache kwanza. Lakini hapo hapo nakumbuka kuwa tumeingia nyumba ile tangu mtoto anabebwa mgongoni, na hakuna aliyewahi kututajia boriti mpaka kosa lilipoonekana kwenye kioo.

Jibu langu basi ni hapana, ikiwa kuruhusu ni kumkabidhi mtoto kifaa ukaenda zako. Kwetu tabuleti haiwashwi siku za masomo bila mtu mzima kukaa kando yake na kuuliza maswali. Huenda kwa mtoto wa miaka 14 sheria hiyo haifai. Wangu ana 10. Na kuna siku nimechoka, naivunja, na sioni kama siku hizo zinamdhuru, ingawa sioni pia zinamfunza nini.

Nyumba ya nyanya ameibomoa, anaijenga upya kwa vyumba vya matofali 3. Jana alinung'unika kuwa ni vyembamba mno, kitanda kitakaaje? Nikamwambia ampigie nyanya yake simu baada ya isha.